Mjadala: Kagera Sugar imeshuka daraja. Ilikuwa timu ya nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimengoja hasira ipoe ndipo nikaandika, maana siku timu iliposhuka ningeandika maneno ya kujutia.

Kagera Sugar haipo tena Ligi Kuu. Msimu wa 2024/25 tumemaliza kwenye nafasi mbili za mwisho pamoja na KenGold ya Chunya, na nafasi hizo hazina hata mchujo. Timu ya 13 na ya 14 hupewa nafasi ya kujitetea. Ya 15 na ya 16 zinashuka moja kwa moja kwenda Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Karibu miongo miwili ya Ligi Kuu pale Kaitaba, uwanja wetu wa Bukoba, imekatika, na mimi niliyeanza kuingia uwanja ule nikiwa nashikwa mkono na baba sina hata mlango wa kugonga niulize kulikoni.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Je, timu zinazomilikiwa na kampuni, halmashauri au jeshi zilazimishwe kuwa na wanachama wenye sauti kabla ya kupewa leseni ya Ligi Kuu? Mimi nasema ndiyo. Najua wengi mtapinga, karibuni, ila nipeni nafasi niseme yangu kwanza.

Wengi wanazungumzia benchi la ufundi. Ni kweli, tulianza msimu na Paul Nkata kutoka Uganda, akaja Melis Medo Mmarekani, tukamalizia na Juma Kaseja. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja. Kila mmoja ana wachezaji wake anaowaamini na mfumo wake, na aliyekuja nyuma amerithi kikosi ambacho hakukisajili. Sipingi kwamba hilo lilituumiza. Lakini kocha wa tatu ni dalili tu. Ukiona homa usiishie kulaumu kipimajoto.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 2019 tuliifunga Simba nyumbani na ugenini ndani ya msimu mmoja, na msimu huohuo tukalazimika kucheza mchujo na Pamba ya Mwanza ili tusishuke. Fikirini hilo. Timu inayoweza kumfunga bingwa mara mbili inahangaika mkiani kwa sababu mechi za kawaida, zile za Jumatano saa nane mchana jua likiwaka, zisizo na kamera nyingi wala umati, hakuna anayeziuliza. Tulinusurika, tukashangilia, maisha yakaendelea. Hakuna mkutano wowote wa mashabiki uliowahi kukaa na kuuliza tumefikaje kwenye mchujo, kwa kuwa hatuna mkutano. Hatuna kadi, hatuna katiba tuliyoipigia kura, hatuna mwenyekiti wa kumwondoa.

Kisha 2024 Mtibwa Sugar ikashuka. Mtibwa, bingwa wa nchi mara mbili mfululizo, 1999 na 2000! Viwanda vile viwili vipo chini ya kundi moja la kampuni, kwa hiyo taa nyekundu iliwaka ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu yetu.

Sasa niseme linalouma zaidi, na hili linatuhusu sisi wana Bukoba. Agosti 29, 2024 Yanga walikuja Kaitaba. Nilifika mapema nikapata pa kukaa. Uwanja ulijaa, na nilipotazama huku na huku nikaona kijani na njano, watu wa Kashai, watu wa Bilele, majirani zangu kabisa. Tulifungwa 2-0 na nusu ya mji ikaenda nyumbani ikiimba. Desemba wakaja Simba, tukala tano kwa mbili, safari hii uwanja ukiwa mwekundu. Siku tunapocheza na timu isiyo ya Kariakoo, yaani si Simba wala Yanga, unaweza kuhesabu vichwa. Wachezaji wetu walikuwa ugenini nyumbani kwao.

Siwalaumu watu kupenda Simba na Yanga. Baba yangu mwenyewe alikuwa Yanga. Nauliza: mtu wa Hamugembe alipewa sababu gani ya kuiita Kagera Sugar yake? Jina ni la kiwanda. Kiwanda chenyewe kipo Missenyi, huko Kyaka, si mjini. Wachezaji wanakuja na kuondoka kila dirisha la usajili. Wazee wetu walikuwa na RTC Kagera, nayo ilikuwa ya shirika la umma, ilipoondoka iliondoka. Mji huu umezoea kupewa timu na kunyang'anywa.

Mnakumbuka sakata la 2017? Tuliifunga Simba 2-1 Kaitaba. Simba wakakata rufaa kwamba beki wetu Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72 inayosimamia ligi ikawapa Simba pointi tatu, kisha kamati nyingine ya TFF, shirikisho la soka, ikazirudisha kwetu. Mwisho wa msimu Simba na Yanga wakalingana pointi 68 na Yanga wakatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Ubingwa wa nchi ulining'inia kwenye mechi iliyochezwa mtaani kwetu. Nchi nzima ilibishana mwezi mzima, redio asubuhi mpaka usiku, Simba wanasema hivi, Yanga wanasema vile. Mtu wa Bukoba hakuwa na msemaji. Pointi zilikuwa zetu lakini ugomvi ulikuwa wa watu wa Dar.

Naomba michango. Nani alaumiwe, na sheria ibadilike au isibadilike?

Mkazi wa Hamugembe

Waitu, mleta mada umenigusa, ila kuna mahali unatuonea.

Usitubebeshe mashabiki lawama za kujaa siku ya Simba na Yanga. Mimi nauza chakula karibu na uwanja. Siku ile ya Yanga nilipika wali sufuria tatu na matoke mawili, vikaisha kabla ya saa tisa. Bodaboda walipata, nyumba za wageni zilijaa, hata anayeuza senene alirudi na ndoo tupu. Siku hizo mbili kwa mwaka ndizo zilizokuwa zinanilipia ada ya mtoto ya muhula. Sasa Simba na Yanga hawaji tena. Kwa hiyo mnapojadili katiba na wanachama, kumbukeni kuna watu timu imewashukia mfukoni.

Kuhusu kuipenda timu: nilikuwa nawajua wachezaji kwa majina. Wakija kula nawajua nani hali pilipili. Halafu dirisha dogo la usajili linafunguliwa, wiki mbili zinapita, naona sura ngeni tupu. Nauliza fulani yuko wapi, naambiwa alikuwa wa mkopo, amerudi kwao. Utampendaje mtu anayepita? Mwaka mmoja tu ningeona vijana watatu wa hapahapa, wa Rwamishenye au wa Muleba, wanaanza kikosi cha kwanza, ningevaa jezi hata siku ya Yanga.

Mtu wa Turiani

Vijana wangu, mimi ni mtu mzima, nimeiona Mtibwa toka haijulikani. Niruhusuni nipinge mada yote.

Kiwanda ndicho kilichotufanya tuwepo. Manungu, uwanja wetu, ni kijijini. Ukitoka nje ya uwanja unakutana na miwa. Bila kiwanda, mtu wa Turiani angeiona Ligi Kuu kwenye runinga tu. Pale tumecheza na vigogo wote. Yanga wameutwaa ubingwa wa 2023/24 mbele ya macho yetu, walipotufunga 3-1 Manungu, na msimu ule ndio tulioshuka. Nililia, siwafichi. Lakini nilijua mshahara wa wachezaji mwezi unaofuata upo, kambi ipo, basi lipo. Msimu mmoja tu tukarudi, tena kama mabingwa wa Championship. Timu ya wanachama ingerudi kwa fedha za nani?

Nawauliza mnaosema wanachama wanachama: wapo wapi Toto Africans? Mwanza ni jiji, watu wamejaa, timu ilipendwa, na ilikuwa inaendeshwa kwa mifarakano. Wapo wapi Tukuyu Stars, waliopanda na kuwa mabingwa mwaka 1986 papo hapo? Wale walikuwa timu ya watu kwelikweli, Rungwe nzima. Mapenzi hayakununua mafuta ya basi. Mwanachama anatoa ada mara moja kwa mwaka, tena kwa kuombwa, halafu anataka kupanga kikosi.

Na Tanga? Msimu wa 2015/16 Coastal Union, African Sports na Mgambo zilishuka zote tatu, mkoa mzima ukabaki mikono mitupu. Mbili kati ya hizo ni timu za wananchi zenye historia ndefu kuliko hiyo Kagera yenu. Uanachama haukuzikinga.

Kijana, tatizo la Kagera ni la mpira: usajili na uvumilivu kwa kocha. Msilipeleke kwenye siasa. Mkimtisha mwenye kiwanda atasema chukueni timu yenu, na hapo ndipo mtakapojua gharama ya kutoka Bukoba hadi Ruangwa kucheza na Namungo.

Mpenzi wa soka, Kigoma

Hiyo ya safari msiipite haraka. Sisi wa Mashujaa tunaijua. Timu ya Dar inaweza kucheza mechi kadhaa za msimu bila kulala nje ya jiji. Timu ya Bukoba kila mechi ya ugenini ni siku nzima au mbili za barabara, na wachezaji wanashuka na miguu imevimba. Halafu mnalinganisha pointi za ugenini kana kwamba wote walitokea chumba cha jirani. Ratiba ingewapangia mechi mbili au tatu za ukanda mmoja kwa mfululizo, nusu ya maumivu yangepungua.

Binti wa Musoma

Kaka mleta mada, nakuunga mkono kwa moyo lakini Biashara United, timu yetu ya Musoma, imenifundisha vingine.

Sisi tulikuwa na kila unachokitaka. Wanajeshi wa Mpakani! Uwanja wa Karume ulikuwa wetu, watu walijua nyimbo, mama zetu walijua matokeo. Msimu wa 2020/21 tukamaliza wa nne, tukapata Kombe la Shirikisho Afrika. Tukawatoa Dikhil wa Djibouti. Tukawafunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 Dar es Salaam. Mabao mawili mkononi! Mechi ya marudiano hatukwenda. Safari ilikwama, timu ikabaki Dar, tukatolewa bila kupiga mpira. Nilikuwa nimevaa jezi tangu asubuhi siku ile nikisubiri kusikia wamepaa.

Msimu huohuo wa 2021/22 tukashuka daraja. Timu iliyokuwa dakika 90 kutoka hatua inayofuata Afrika ikaenda Championship na Mbeya Kwanza.

Kwa hiyo tulikuwa na watu, hatukuwa na fedha. Ninyi mlikuwa na fedha, hamkuwa na watu. Tumekutana kulekule chini. Mimi naona swali liwe la mgawanyo. Mkataba wa haki za matangazo wa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Ni fedha nyingi kuliko tulizowahi kuona. Lakini Simba na Yanga wana wadhamini wao, wana wawekezaji wao, wana mapro 12 wa kigeni wanaoruhusiwa na wanaweza kuwalipa wote. Timu ya mkoani fungu la runinga ndilo chakula chake cha mwaka. Kama fungu la timu ndogo halitoshi kambi na usafiri, hata ukiipa wanachama laki moja itashuka.

Mwana wa Mbarali

Naomba na mimi niongee, kwa sababu hapa wote mnalia kushuka. Sisi hatukushuka, na timu hatuna.

Novemba 29, 2022, uwanja wa Highland Estate, timu yetu Ihefu 2, Yanga 1. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Wakafia Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga. Watu walitembea kwa miguu kutoka vijijini, wengine walipanda kwenye matela ya trekta. Siku ile mtu wa Ubaruku alihisi ana kitu duniani.

Leo Ihefu inaitwa Singida Black Stars na inacheza Singida. Nafasi ya Ligi Kuu ileile, timu ileile kwenye karatasi, jina na mkoa vimehama. Sikuulizwa. Hakuna mtu wa Mbarali aliyeulizwa kwa kura, kwa kuwa hakuna mahali kura yetu ilikuwa imeandikwa. Ukishuka una matumaini ya kupanda, kama mzee wa Turiani alivyopanda. Ukihamishwa unapanda na nini?

Ndiyo maana mimi na mleta mada tupo pamoja kabisa. Watu wa Bukoba, msiogope Championship. Ogopeni siku mtakayosikia nafasi yenu imeuzwa.

Mleta mada

Nimesoma yote mara mbili. Asanteni sana.

Mzee wangu wa Turiani, shikamoo. Umenipiga pazuri na nakubali sehemu. Sitaki kiwanda kiondoke, na nikisema wanachama simaanishi mkutano wa watu mia tano kuamua nani acheze namba tisa. Mmeniaminisha kwamba kukabidhi timu nzima kwa mashabiki wasio na fedha ni kuiua. Kwenye klabu za wanachama kama Simba na Yanga nchi imeshaweka kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Kanuni hiyo haiwezi kunakiliwa kwa Kagera au Mtibwa, ambako mwenye kiwanda ndiye aliyeanzisha na ndiye anayelipa kila kitu. Nalirekebisha pendekezo langu.

Ila mzee, naomba nikuulize kwa heshima. Ninyi mlirudi ndani ya msimu mmoja kwa sababu mwenye timu aliamua kuendelea kulipa. Je, angeamua vinginevyo mngefanya nini? Uamuzi ule uliokuokoa wewe ndio uleule uliompoteza mwana wa Mbarali, tofauti ni upande ulioangukia. Sitaki furaha ya wajukuu zangu itegemee asubuhi mtu mmoja ameamkaje.

Kwa hiyo nataka mambo mawili tu kwenye masharti ya leseni. Kwanza, wakazi wa mkoa timu inakocheza wawe na wajumbe wawili waliochaguliwa kwenye bodi ya timu, waone hesabu na wasikie sababu kocha anapoondolewa. Hata wakipigiwa kura wakashindwa, angalau watatoka na taarifa. Pili, nafasi ya ligi isihamishwe mkoa wala kuuzwa kabla wenyeji hawajapewa muda wa kutosha, tuseme msimu mmoja, kutafuta mtu au halmashauri ya kuichukua. Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka ishirini, ikarudi 2024 chini ya Jiji la Mwanza. Kwa hiyo njia ipo, ni muda tu unaohitajika. Najua mtasema Geita Gold nayo ilikuwa ya halmashauri, ikawa ya nne, ikacheza Afrika, ikatoa mfungaji bora George Mpole mwenye mabao 17, na bado ikashuka 2024. Ni kweli. Lakini ilishuka ikiwa Geita, na Geita ipo palepale.

Dada wa Musoma, hoja yako ya mgawanyo sina jibu lake kamili na sitajifanya ninalo. Nadhani una haki kwamba fedha ni ya kwanza. Ninachoona ni kwamba mwenye sauti ndiye hudai fedha. Timu kumi na nne zilizobaki zingekuwa na watu nyuma yao wanaopiga kelele kama watu wa Kariakoo wanavyopiga, mgawanyo ungejadiliwa bungeni.

Ndugu wa Kigoma, suala la kupanga mechi kwa ukanda nimelichukua, ni la maana na haligharimu kitu.

Mama wa Hamugembe, nisamehe. Niliandika kama vile kushuka ni huzuni ya mashabiki tu, nikasahau sufuria zako. Na hilo la vijana watatu wa nyumbani nadhani ndilo jambo la kweli kuliko yote yaliyosemwa hapa. Mei 19, 2018 nilikuwa Dar, Uwanja wa Taifa, siku Simba walipokabidhiwa kombe mbele ya Rais Magufuli wakiwa hawajafungwa mechi hata moja msimu mzima. Walikuwa wanacheza na sisi, na Edward Christopher wetu akafunga. Simba wakapata penalti, Okwi akapiga, Kaseja, wakati huo kipa wetu, akapangua. Tuliokuwa tunashangilia Kagera kwenye jukwaa lile tulikuwa wachache, tukakumbatiana na watu tusiojuana. Kaseja huyohuyo ndiye aliyekuwa amesimama kwenye benchi letu tukishuka. Nikimtazama nilijiuliza yeye anaonaje, maana ndiye pekee aliyekuwa amebeba siku zote mbili.

Mtu wa Turiani

Marahaba. Wajumbe wawili wa kuona hesabu, hilo silipingi. Kuamua bado nasema hapana, anayelipa aamue. Na hilo la kutohamisha timu naliunga mkono kwa mikono miwili, kwa ajili ya yule kijana wa Mbarali.

Mkazi wa Hamugembe

Nimekusamehe, mwanangu. Mimi naomba tu mniambie ratiba ya Championship inatoka lini, mechi ya kwanza nyumbani ni na nani. Nataka kujua nipike sufuria ngapi.

Mleta mada

Ikitoka nitaiweka hapa. Nitakuja na wenzangu sita, wote na jezi. Utuwekee matoke.